Upofu wa Pande Mbili

"Shangazi, si ungemwambia tu?"

Nilimuuliza hivyo tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nilikuwa nimebeba sketi yangu mpya ya shule ndani ya mfuko wa nailoni, naye amenishika mkono kama tunavuka barabara, hata pale ambapo hapakuwa na gari. Nilikuwa darasa la tano. Tulikuwa tumetoka kwa Fundi, jirani yetu aliyeshona nguo za nusu ya mtaa, na Fundi alikuwa amesema jambo ambalo hata mimi mtoto nilijua si kweli. Alisema dawa mpya ya saratani inayojaribiwa kazini kwa shangazi inapofusha macho. Shangazi alijua kwamba haipofushi. Mimi nilijua kwamba shangazi anajua. Na shangazi alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sketi imeshapigwa pasi.

Ndiyo maana nikamuuliza. Akanibana mkono.

"Tembea," akasema. "Na ufunge mdomo, inzi wataingia."

Nikafunga mdomo. Lile swali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nimekuwa nalo mpaka mwaka huu.

Baba husema dada yake alizaliwa amekunja ngumi, mkunga alipojaribu kumkunjua vidole akala kofi. Mimi sikuwepo, ila naamini. Shangazi ana hasira za namna nyingi. Kuna ya asubuhi, ambayo ni ya kawaida tu, ya kutafuta kiatu cha pili. Kuna ya mlango, hiyo utaisikia kutoka kwa jirani wa tatu. Na kuna ya kimya, ambayo hata paka wetu anaijua. Akiiona anahama jikoni mwenyewe bila kufukuzwa. Baba akimwambia "Dada, hasira hasara," anajibu: "Hasara ya nani? Mimi hasara zangu zote zimenipata nikiwa mpole."

Aliwahi kuolewa. Nilipomuuliza ilikuwaje wakaachana, alisema, "Alikuwa bado anaongea nilipoondoka." Akahamia kwetu, kwenye chumba cha uani, na masanduku mawili na pasi yake.

Alitaka kuwa mtangazaji wa redio. Sauti anayo, hilo halina ubishi. Akienda kwenye usaili wanamsikiliza, wanatazamana, halafu wanamwambia sauti ni nzuri lakini ina ukali, msikilizaji atadhani ametenda kosa. Basi akaajiriwa hospitali ya saratani kuita majina ya wagonjwa. Ile hospitali ina ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, na mabenchi kila upande, na watu waliotoka mbali wakiwa na mto wa kulalia na chupa ya chai. Shangazi akiita jina, linafika mwisho wa ukumbi kabla mwenyewe hajainuka. Wenzake wakambandika jina la Redio. Hakulichukia. Nadhani ndiyo redio pekee aliyoipata.

Halafu nyuma ya hospitali kukajengwa kituo cha utafiti, chenye mlango wa kioo na baridi ya mashine. Walihitaji mtu wa kukaa na wagonjwa, awasomee karatasi inayoeleza utafiti unahusu nini, kisha awaulize kama wanakubali kushiriki. Wakamchukua Redio. Akapewa koti jeupe. Alikuwa akilipiga pasi kila jioni kana kwamba lilimtukana.

Shule zikifungwa na nyumbani hakuna mtu, alinichukua kwenda naye kazini. Mimi ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya kiberiti, kwa hiyo nililisoma lile bango la mlangoni mpaka nikalikariri. Juu limeandikwa HABARI NA NAFASI. Mashine mpya ya kuchunguza chembe imewasili. Mkutano wa wataalamu, mwisho wa kutuma maombi ni lini. Ufadhili wa masomo ya juu kwa watafiti vijana. Picha ya watu waliovaa suti wameshika kikombe kikubwa kama cha mpira. Ilinipendeza sana. Nilidhani dunia nzima inakimbizana na saratani na karibu itaikamata.

"Nafasi zote hizi, shangazi," nilimwambia.

"Umezihesabu?"

"Nyingi."

"Sasa geuka uangalie benchi."

Nikageuka. Kupitia kioo niliona ukumbi wa kijani. Mabenchi yamejaa, na mama mmoja amesimama, ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

Siku moja shangazi akaja nyumbani anatabasamu. Sisi tukaogopa. Baba akamuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," akasema. "Kuna habari, na safari hii ni ya wagonjwa."

Kulikuwa na utafiti unakuja, wa wanawake ambao saratani ya titi imewarudia baada ya matibabu. Kidonge kipya. Kila mshiriki angeendelea na matibabu yake ya kawaida; juu yake, nusu wangepewa kidonge kipya na nusu kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani, halafu watafiti wangelinganisha. Utafiti ulikuwa unafanyika nchi nyingi kwa pamoja. Kila kituo kilipewa nafasi zake, na kituo kisichojaza mapema, nafasi zake zingepelekwa kwingine.

"Fundi anafaa," shangazi akasema. "Nimesoma masharti yote. Anafaa kila kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa lile tabasamu.

Fundi alikuwa anashonea kwenye chumba kimoja chenye mlango wa chuma unaotazama barabara. Cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na ukutani vipande vya magazeti alivyovikata kuwa vipimo vya kola na mikono. Futi shingoni muda wote, hata akienda sokoni. Titi moja alikuwa ametolewa, na pengo alilijaza mwenyewe kwa kimfuko cha mabaki ya vitambaa. Hakuona haya kulizungumza. "La kiwandani liliharibika," alisema, akijigonga kifuani, "hili nimeshona mwenyewe, mishono miwili miwili." Wanawake walicheka mpaka wakashika ukuta. Alikuwa na mabinti wawili shuleni na hakuna mume. Na alikuwa na macho. Macho ya Fundi yalijulikana mtaa mzima. Bibi zetu walimletea sindano awatungie uzi, naye alitunga huku anaongea na mtu mwingine, bila miwani, bila kulamba uzi.

Ugonjwa ulikuwa umemrudia, safari hii kwenye mifupa. Daktari alimwambia matibabu ya kawaida yatasaidia kidogo na kwa muda. Yeye na shangazi walikuwa marafiki wa kugombana, wale ambao wasipogombana siku mbili mmoja anatuma mtu kuuliza kulikoni.

Kabla ya utafiti kuanza, shangazi alileta ile karatasi nyumbani ajizoeze kuisoma. Kila ukurasa ulikuwa na muhuri chini. Akasimama mezani, akakohoa, akaanza kwa sauti yake ya redio. Ilikwenda vizuri mpaka akafika mahali pameandikwa: "Utafiti huu ni wa majaribio ya upofu wa pande mbili."

Baba akaacha kutafuna. "Upofu wa nani?"

"Upofu wa pande mbili."

"Yaani jicho la kulia na la kushoto?"

Mimi nikacheka. Shangazi hakucheka. Aliendelea kusoma kimoyomoyo, midomo inacheza, halafu akasoma kwa sauti ya chini kabisa: "Baada ya utafiti kukamilika, upofu wako utaondolewa. Ukipata madhara makubwa, daktari anaweza kuondoa upofu wako mapema."

"Dada," baba akasema, "hao ni watu wema sana. Wanakupofusha, halafu wanakurudishia."

"Nyamaza wewe."

Akatueleza. Maana yake ni kwamba mgonjwa hajui amepewa kidonge kipi, na daktari naye hajui, ili matumaini ya mtu yasije yakaingia kwenye hesabu. Hapo macho hayaguswi kabisa. Huko karatasi ilikotoka, kwa lugha yao, ndivyo wataalamu wanavyosema na hakuna anayeshtuka, basi mtafsiri akalichukua neno akalihamisha lilivyo, na vumbi lake.

"Kwa hiyo utawaeleza hivyo hivyo ulivyotueleza sisi," nikasema.

Kesho yake shangazi alikwenda kwa mkuu wa utafiti, mtu mmoja mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Itifaki kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Shangazi alirudi akatuigiza mazungumzo yao, mikono nyuma, kidevu juu.

"'Karatasi imepitishwa na kamati ya maadili. Itifaki inasema msomaji anasoma. Hafafanui kwa maneno yake. Hashawishi.' Nikamwambia, mgonjwa akiuliza? 'Unamrudia sentensi.' Nikamwambia, sentensi yenyewe ndiyo mbovu. 'Basi andika maombi ya marekebisho, yatajadiliwa kikao kijacho.' Nikamwambia, na utafiti? 'Unaanza Jumatatu.'"

Kanuni yenyewe si ya kijinga, na nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi. Miaka ya nyuma, kwenye utafiti mwingine, msomaji mmoja aliwaambia wagonjwa maneno matamu, kwamba hii ndiyo dawa ya kuponya moja kwa moja, njooni. Wakaja, wakaumia. Tangu hapo ikakatazwa kuongeza hata neno. Na mgonjwa akishasema hapana, ni hapana. Hafuatwi nyumbani, habembelezwi, wala jirani yake hatumwi. Shangazi aliisimamia sana kanuni hiyo. Alisema mgonjwa wa saratani ni mtu ambaye hata jani ukimwambia ni dawa atakula, kwa hiyo lazima alindwe dhidi ya watu wenye mdomo kama wake yeye shangazi.

Basi akaanza kusoma upofu. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Walisema, "Ngoja nikazungumze na mwenzangu nyumbani." Walisema, "Nitarudi kesho, mwanangu." Wakaondoka, na wengi hawakurudi. Kila jioni koti lilipigwa pasi kwa nguvu zaidi.

Fundi naye akaenda. Ilikuwa katikati ya wiki. Shangazi hakutuambia chochote aliporudi. Jumamosi tukaenda kuchukua sketi yangu. Ndani kulikuwa na mteja mwingine, mama mmoja aliyekuja kubadilishiwa zipu. Nikaamkia. Fundi akaitikia, kisha akamgeukia shangazi kabla hata hajakaa.

"Redio imefika. Haya, tutangazie na leo."

"Fundi, nimekuja kuchukua sketi."

"Sketi ipo. Mimi nauliza macho." Akamwambia mama wa zipu: "Unajua huyu jirani yangu juzi kanifanyia nini? Kanikalisha kwenye kiti kizuri chenye foronya. Kanivalia koti. Kanisomea kwa sauti tamu kwamba nikubali kupofuka pande mbili, wakimaliza hesabu zao watanirudishia."

"Eti nini?" mama wa zipu akasema.

"Muulize. Mimi nikamuuliza, upofu vipi? Akanisomea tena. Nikamuuliza mara ya pili, akanisomea tena vilevile, kama kasuku. Mtu tumekula sahani moja." Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga cherehani, bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka juu ya chuma kitupu. "Titi wamechukua, nashona. Nywele zikaenda, nashona. Mgongo unaniuma kama nimebeba gunia, nashona. Sasa mnataka na macho? Nikashone kwa kunusa?"

"Hee, afadhali umekataa," mama wa zipu akasema. "Hao wanatufanya panya."

"Nimekataa. Nimeweka na dole gumba kwamba nimekataa."

Mimi nilimtazama shangazi. Nilingoja. Shangazi ambaye aligombana na mpimaji wa maji, na mwalimu mkuu, na mchungaji wa watu wengine, alikaa pale kwenye kigoda na mikono mapajani. Alimtazama mama wa zipu, akanitazama mimi, akatazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi.

"Sketi imeshapigwa pasi?" akauliza.

Fundi akamrushia mfuko. Haikuwa utani.

Ndipo nikauliza swali langu njiani, na nikaambiwa nifunge mdomo.

Baada ya hapo shangazi alianza vita na lile neno, na mimi ndipo nilipoanza kumchukia kidogo. Aliandika maombi ya marekebisho. Yakarudishwa kwamba hayana sahihi ya idara. Akatafuta sahihi. Yakarudishwa kwamba lazima waliotunga utafiti huko mbali wakubali kwanza. Akawasumbua mpaka Bwana Itifaki akaanza kuingia ofisini kwa mlango mwingine ili asikutane naye. Alikwenda kumngoja katibu wa kamati kwenye maegesho ya magari. Akapewa onyo la maandishi kwa lugha isiyofaa; alikuwa amemwambia mtu mwenye shahada tatu kwamba kichwa chake ni kabati lililofungwa na funguo zikiwa ndani.

"Dada, neno moja tu," baba alimwambia. "Utapoteza kazi."

"Mwiba wa mguuni nao huwa ni mmoja tu."

Mimi nilikuwa nawaza: unapigana na makaratasi kwa sababu makaratasi hayawezi kukurushia mfuko. Mtu mwenyewe yuko hapo, milango mitatu kutoka kwetu. Vuka tu umwambie. Shangazi nilimpa shikamoo asubuhi na basi. Akiniuliza habari za shule, nilisema nzuri, hata siku niliyokuwa wa kwanza kwa sayansi.

Neno lilifutwa. Shangazi alirudi na karatasi mpya, akasoma akiwa amesimama mlangoni na pochi begani: "Wewe hutajua umepewa kidonge kipi, na daktari wako pia hatajua, mpaka utafiti utakapoisha."

"Sasa hiyo hata mimi nimeielewa," baba akasema.

"Nafasi zimefungwa," shangazi akasema. "Zetu wamezihamisha. Wamesema huku hakuna mwitikio."

Paka akahama jikoni.

Fundi alifariki nilipokuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi. Najua kwamba hata angeingia kwenye utafiti, pengine angeangukia upande wa kidonge kisicho na dawa. Pengine angepata chenyewe na kisingemsaidia. Sijui, na hakuna anayejua, na watu hupenda kuniambia hivyo ili nitulie. Situlii. Mara ya mwisho kumwona alikuwa amekaa nje ya mlango wake wa chuma, ameshakuwa mdogo kama mwanafunzi mwenzangu. Aliniita kutoka ng'ambo ya barabara akaniambia kola yangu imegeuka upande mmoja. Ng'ambo ya barabara. Macho yake yalikuwa mazima mpaka mwisho.

Mwaka huu niko kidato cha tatu, na kile kituo kiliwaalika wanafunzi wa sayansi wa shule yetu kukitembelea. Sitadanganya, nilifurahi. Bango la HABARI NA NAFASI sasa ni la umeme, habari zinapita zenyewe kama samaki kwenye tangi. Kulikuwa na habari kubwa: matokeo ya utafiti wa kile kidonge yametoka, na kwa baadhi ya wanawake kimechelewesha ugonjwa kusonga. Hakiponyi, lakini kinawaongezea muda. Na sasa utafiti mwingine unaandaliwa, na kuna nafasi kwa vijana wa sekondari kuja wakati wa likizo kujifunza maabara. Walituruhusu tuangalie kwenye hadubini. Niliona chembe za titi zilizotiwa rangi, waridi na zambarau, zimesongamana bila mpango, na sikutaka kuondoa jicho pale. Mwenzangu wa nyuma akanivuta shati.

Kisha tukaingia ukumbini. Daktari mmoja kijana, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, akatuonyesha picha ukutani. Moja ilikuwa na mistari ya rangi, mifupi na mirefu, inayoeleza kwa nini nafasi za kituo hiki hazikujaa kwenye ule utafiti. Umbali wa kufika. Kukosa mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Na mstari mrefu kuliko yote, mwekundu: IMANI POTOFU.

Nilinyoosha mkono.

"Samahani, daktari. Imani potofu ipi?"

"Swali zuri. Kwa mfano, baadhi ya akina mama waliamini kwamba kidonge kinapofusha macho."

Ukumbi ukacheka. Rafiki yangu niliyekaa naye akacheka. Hata mwalimu alitabasamu.

"Waliitoa wapi imani hiyo?"

"Mitaani, unajua uvumi unavyosambaa. Ndiyo maana tunahitaji vijana kama ninyi mkaelimishe jamii."

"Iliandikwa kwenye karatasi yenu. Upofu wa pande mbili. Na kwamba upofu wao utaondolewa baadaye."

Alinitazama, akamtazama mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani kwa kweli hakujua. Wakati ule alikuwa bado anasoma mahali fulani, labda kwa ufadhili wa lile bango.

"Karatasi tunazotumia ni nyepesi kueleweka," akasema. "Nitalifuatilia hilo. Mwingine?"

Mwingine akauliza kama nafasi za likizo ni pamoja na malazi.

Nilikaa chini. Nilimwona Fundi ndani ya ule mstari mwekundu, na futi yake shingoni, amebanwa humo na wenzake wote waliosema "nitarudi kesho, mwanangu". Walisomewa upofu na mtu aliyevaa koti, kutoka kwenye karatasi yenye muhuri kila ukurasa. Wakaamini kilichoandikwa. Sasa wameandikwa tena, kwamba wao ndio waliopotoka. Na watu wanaonyeshwa ukutani, kwa rangi, wanacheka.

Nilijiandikisha kwa ile nafasi ya likizo. Naitaka. Nimekasirika na naitaka, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Shangazi hafanyi kazi pale tena. Ule utafiti ulipoisha mkataba wake nao ukaisha, na hakuna aliyeharakisha kumwandikia mwingine. Sasa yuko mapokezi kwa daktari wa meno, ambako anasema watu angalau hukiri waziwazi kwamba wanaogopa. Nilimkuta uani anapiga pasi. Nikamweleza yote, na picha ya ukutani, na kicheko.

Akasimamisha pasi.

"Mrefu kuliko yote?"

"Ndiyo."

"Imani potofu."

"Kwa herufi kubwa."

Nikaona mdomo wake unacheza kama siku ile aliposoma karatasi kimoyomoyo. Na mimi, badala ya kumwonea huruma, hasira yote niliyotoka nayo kule ukumbini ikageuka ikamtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu ilikuwa yake tangu zamani.

"Shangazi, si ungemwambia tu? Milango mitatu. Ungevuka ukamwambia."

Aliichomoa pasi ukutani kwanza. Halafu akasema:

"Sikukujibu siku ile kwa sababu ulikuwa na mdomo kama kengele ya shule, na aliyekataa hafuatwi nyumbani. Wangejua nimekwenda, wangenitoa siku hiyo hiyo. Lakini nilimwambia. Nilikwenda kesho yake asubuhi, ndiyo kwanza anafungua mlango. Nikamwambia, jirani, macho yako hayaguswi, ni neno tu limekaa vibaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja. Akasema, 'Mwenzangu, juzi umevaa koti umenisomea upofu. Leo huna koti, unaniambia hakuna upofu. Kama wewe ndiye mkweli, lile neno linafanya nini pale?' Nikamwambia, niamini mimi. Akasema, 'Nakuamini. Lakini vidonge havitoki kwako, vinatoka kwa wenye karatasi. Kalifute, nami nitakuja.' Nikaenda kulifuta."